Sare ya Januari hushonwa Agosti

Januari ni mwezi mgumu kwa kaya nyingi za wakulima nchini Tanzania. Shule zinafunguliwa, ghala la nyumbani limeanza kuonyesha sakafu, na katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Ruvuma, Njombe, Mbeya na Rukwa, mahindi yaliyoko shambani bado yanadai palizi na mbolea. Hapo ndipo mtoto anapoleta kaptula iliyochanika makalioni, na mzazi anaanza kuhesabu magunia yaliyobaki.

Ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ile ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikafuatia Januari 2016. Sare, hata hivyo, imeendelea kuwa mzigo wa mzazi. Shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu si vitu vya gharama ya kutisha vikitazamwa kimoja kimoja. Tatizo ni kwamba vinahitajika vyote kwa wakati mmoja, kwa watoto wote, katika mwezi ambao kaya haina fedha na mafundi wote wa kijiji wana foleni. Mzazi anayefika kwa fundi wiki moja kabla ya shule kufunguliwa hana nguvu ya kujadiliana bei. Analipa anachoambiwa, au anauza chakula ambacho Machi atakitafuta kwa bei ya juu.

Ndiyo maana cherehani ya nyumbani inastahili kujadiliwa kwenye kurasa za biashara na kilimo, wala isichukuliwe kuwa ni kazi ya kupitishia muda ya akina mama. Kushona nguo za familia ni uzalishaji kama ulivyo ufugaji wa kuku wa mayai ya kula nyumbani. Tofauti ni kwamba faida yake haionekani mkononi, kwa sababu ni fedha ambayo haikutoka.

Hesabu ya cherehani

Chukua mfano, na msomaji aweke bei za soko lake mahali pa hizi. Tuseme cherehani mpya ya mguu inauzwa shilingi 300,000. Kaya ina watoto wanne wanaosoma, kila mmoja anahitaji jozi mbili za sare kwa mwaka, yaani jozi nane. Kama fundi anatoza shilingi 10,000 kushona jozi moja, mbali na kitambaa, hapo kuna shilingi 80,000. Ongeza kazi ndogondogo ambazo familia nyingi hazizihesabu: kupinda kanga, kubadili zipu, kupunguza suruali ya mtumba, kushona foronya, kutia kiraka. Kazi 20 za namna hiyo kwa shilingi 2,000 kila moja ni shilingi 40,000. Jumla ni shilingi 120,000 kwa mwaka.

Toa uzi, sindano, vifungo na mafuta, tuseme shilingi 20,000. Inabaki shilingi 100,000. Cherehani imerudisha fedha yake katika miaka mitatu, na mashine ya mguu inayotunzwa huishi miaka mingi zaidi ya hiyo. Zipo nyumba ambazo bado zinashonea Singer ya bibi.

Hesabu hiyo hiyo inatoa onyo. Kaya yenye mtoto mmoja anayesoma, yenye kazi ndogo tano tu kwa mwaka, itasubiri zaidi ya muongo mmoja kurudisha fedha. Kwa kaya hiyo ni nafuu kuendelea kwa fundi, au kuungana na ndugu wawili watatu kununua mashine moja ikae kwa yule anayejua kuitumia. Anayenunua cherehani kwa sababu tu jirani anayo amenunua meza ya bei ghali ya kuwekea redio.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji wa mashine na mikopo hawapendi kulitaja. Mkopo wa marejesho ya kila wiki haufai kununulia cherehani ya matumizi ya nyumbani. Akiba ya mwaka mzima haigawanyiki katika wiki 52. Sehemu kubwa huja mara moja, Januari, kwa kutotoa fedha, wakati mkopeshaji anataka fedha taslimu kila Jumatatu. Matokeo yake ni kuuza kuku kulipia mashine iliyonunuliwa ili kuku wasiuzwe. Chanzo cha fedha kinachofaa zaidi ni mauzo ya msimu, au mgawo wa mwisho wa mwaka wa kikundi cha kuweka na kukopa.

Kitambaa kama akiba

Kwa mkulima wa mahindi wa nyanda za juu, fedha huonekana kati ya Juni na Septemba. Kwa mkulima wa pamba wa Simiyu au Shinyanga, msimu wa kuuza hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei. Huo ndio wakati wa kununua kitambaa cha sare, kwa jora kama watoto ni wengi au majirani wameungana, kwa mita kama ni wachache. Kitambaa kilichofungwa vizuri na kuwekwa mahali pakavu hakiliwi na dumuzi, yule mdudu ambaye wakulima wamembatiza jina la Skania. Gunia la mahindi lililohifadhiwa vibaya tangu Julai huenda Januari likawa unga kabla ya kufika mashine. Mita 10 za tetroni zitakuwa mita 10 vile vile.

Kushona nako kuna msimu wake. Saa nne za kukaa kwenye cherehani mwezi Agosti, baada ya mavuno, karibu hazina gharama. Saa hizo hizo mwezi Januari zinachukuliwa kutoka kwenye palizi, na mahindi yaliyocheleweshewa palizi hayafidiwi na shati. Anayeshona Agosti ana nafasi hata ya kukosea, kufumua na kurudia.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kitambaa kipi. Tetroni, mchanganyiko wa nyuzi za polista na pamba, hukauka haraka, haihitaji pasi nyingi na haisinyai sana. Pamba tupu hupitisha hewa na ni nzuri kwenye joto, lakini husinyaa ikifuliwa mara ya kwanza, hivyo lazima ilowekwe maji na kukaushwa kabla ya kukatwa. Wanaoanza wengi huruka hatua hiyo, na shati lililomtosha mtoto Jumapili linambana Jumatano. Kwa kaptula za wavulana wanaokaa chini na kuparamia miembe, kaki nzito au drili ndiyo inayovumilia, ikishonwa mara mbili mapajani.

Inasikitisha kidogo kwamba mkulima wa Maswa anauza pamba yake mbegu kisha anarudi nyumbani na shati la polista kutoka ng'ambo. Sehemu kubwa ya nyuzi za pamba ya Tanzania huuzwa nje bila kusokotwa. Viwanda vya nguo vilivyojengwa baada ya Uhuru, kikiwamo Urafiki cha Dar es Salaam kilichoanza mwaka 1968 kwa msaada wa China, viliyumba, na vingine vikafungwa baada ya soko kufunguliwa. Cherehani ya nyumbani haiwezi kurudisha viwanda hivyo.

Mtumba hauwezi kushindwa kila mahali

Tangu biashara ya nje ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ndiyo imekuwa ikiwavika watu wengi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua ifikapo 2019. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, mpango wa AGOA wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru ukawekwa kwenye mizani, na nchi nyingi zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo.

Kwa kaya, somo la soko ni la wazi. Usishone fulana wala jinzi. Fulana inahitaji kitambaa cha kuvutika na mashine ya ovaloki, na mtumba utaishinda bei hata kabla ya kuhesabu muda. Shona kile ambacho mtumba hauleti au hauleti kwa kipimo sahihi: sare, magauni ya kitenge, mashuka, mapazia, mikoba ya kwendea sokoni, foronya, nguo za watoto wachanga. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili visivyokatwa wala kupindwa, kwa hiyo kila doti inayoingia nyumbani ni kazi inayosubiri cherehani. Kwa anayejifunza hakuna zoezi bora kuliko hilo, maana mshono wote ni wa kunyooka.

Mtumba wenyewe unaweza kuwa malighafi. Shati la mzungu la kipimo kikubwa kupita kiasi mara nyingi huachwa chini ya rundo kwa bei ya kutupa, kwa sababu halimtoshi mtu. Ndani yake mna mashati ya mtoto wa miaka sita pamoja na vifungo vyake. Shuka kuukuu zito hutoa bitana ya sketi. Mafundi wa mjini wanalijua hilo siku nyingi.

Kupima na kukata

Hasara ya kushona nyumbani haiko kwenye mshono, iko kwenye mkasi. Mshono mbaya unafumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Njia rahisi kwa asiyepitia chuo ni kufumua sare kuukuu iliyokuwa ikimkaa mtoto vizuri, kuipiga pasi vipande vyake, na kuvichora juu ya magazeti yaliyokwisha kusomwa. (Hata ukurasa huu una kazi hiyo ukishamalizwa.) Ongeza sentimita moja na nusu pembeni kwa ajili ya mshono, na pindo la kutosha chini.

Mtoto wa umri wa shule ya msingi huongezeka urefu sentimita tano au sita kwa mwaka. Fundi anayelipwa kwa jozi hana sababu ya kuacha pindo refu, lakini mama anayo. Pindo la sentimita sita kwenye sketi, likishushwa kidogo kidogo, linaweza kumbeba binti zaidi ya mwaka mmoja. Kiunoni weka lastiki nyuma, na mikono ya shati iachwe na mkunjo wa ndani. Zaidi ya hapo, ukipanga vipande vya watoto watatu juu ya kitambaa kimoja kwa pamoja, kikubwa kwanza na kidogo kwenye mapengo, utapata mabaki ya kutosha mifuko, kola na viraka vya mwakani. Ukipeleka kwa fundi kitambaa cha kila mtoto peke yake, mabaki hayo hubaki kwa fundi.

Kazi nyingine yenye faida kubwa kuliko inavyodhaniwa ni taulo za kike za kufua. Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, lakini bei hazikushuka kama ilivyotarajiwa, na mwaka 2019 msamaha huo ukafutwa. Flaneli ya pamba upande wa ngozi, tabaka kadhaa za taulo kuukuu safi katikati, kitambaa kisichopitisha maji chini, na mabawa mawili yenye kifungo: hiyo ni kazi ya mchana mmoja kwa pakiti ya kutumia kwa muda mrefu. Sharti lake ni kufuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani hadi zikauke kabisa. Kuzificha mvunguni kwa aibu huzifanya zibaki na unyevu, na unyevu huleta maradhi.

Mashine na utunzaji wake

Vijijini, cherehani ya mguu bado ndiyo chaguo la busara. Haisubiri umeme, na vipuri vyake vinapatikana karibu kila mji wa wilaya. Anayenunua iliyotumika azungushe gurudumu kwa mkono akisikiliza kama kuna mkwaruzo, kisha ashone kitambaa chake mwenyewe alichokuja nacho, chembamba na kizito, mbele ya muuzaji. Mshono ukitoa vitanzi upande wa chini, mara nyingi kosa liko kwenye uzi wa juu, umepitishwa vibaya au umelegea, na hilo linarekebishika. Mashine inayoruka mishono hata baada ya kuwekewa sindano mpya, mwachie mwenyewe.

Sindano namba 14 inatosha kwa tetroni na kitenge. Namba 16 ni ya kaki na jinzi, na namba 11 ni ya vitambaa laini. Ibadilishwe inapoanza kutoboa kwa kelele, maana sindano butu huvuta nyuzi na kuharibu kitambaa cha bei kubwa kuliko yenyewe. Mafuta yawe ya cherehani. Mafuta ya kula hugandamana ndani na kugeuka gundi, na fundi wa mashine atadai zaidi ya bei ya chupa kumi za mafuta sahihi. Mkanda wa ngozi ukilegea hupunguzwa kidogo na kuungwa tena. Ikishafunikwa kanga kuukuu dhidi ya vumbi, mashine haidai zaidi.

Anayetaka kujifunza vizuri anaweza kwenda vyuo vya VETA au vyuo vya maendeleo ya wananchi, vingi vikiwa na fani ya ushonaji. Kwa mahitaji ya nyumbani, wengi hujifunza kwa miezi michache kwa fundi wa kijijini kwa makubaliano ya ada ndogo au msaada wa kazi.

Habari ikishaenea kwamba nyumba ina cherehani, majirani watafika. Wa kwanza atakuja na zipu, wa pili na kanga, na Desemba mtu ataleta sare tano akiomba "amsaidie tu". Bei ipangwe siku ya zipu ya kwanza, hata iwe ndogo, na uzi auleteye mwenye nguo.