Ramani Ikizidi Fedha



Kila msimu mkubwa wa karafuu ukimalizika, mashambani kwetu husikiwa sauti ya nyundo na koleo. Mtu aliyelala miaka mingi chini ya makuti humshukuru Mola wake, akachimba msingi wa nyumba ya matofali. Na kila msimu huacha nyuma yake kuta zilizosimama bila ya paa, mipapai imeota mahali pa sebule. Wenye kuta hizo si wavivu wala si wajinga. Aghalabu kosa lao ni moja: ramani ilikuwa kubwa kuliko fedha, na hawakuirudia mapema.

Jambo hili nalijua kwa kuwa lilinifika mwenyewe. Mchora ramani aliniletea karatasi nzuri: vyumba 4 vya kulala, sebule, chumba cha kulia, ujia mrefu, ghala, na roshani mbele. Tulipoketi kupiga makisio, ikaonekana kwamba kwa kila shilingi 2 nilizokuwa nazo yahitajika ya 3. Nilikasirika, nikamwambia hakunifahamu. Naye akaniuliza kwa upole, "Bwana Katibu, siku ile ya kwanza nilikuuliza una kiasi gani. Ulinijibu nini?" Sikuwa na neno. Nilikuwa nimemjibu kwamba fedha si kitu, yeye achore tu.

Basi hilo ndilo funzo la kwanza. Sisi wakulima hatupendi kutaja fedha zetu, kwa kuogopa kijicho. Lakini mchora ramani ni kama tabibu. Ukimficha maradhi, dawa yake haitakufaa. Mtajie kiasi ulicho nacho, kisha uweke kando fungu moja katika 10 kwa yasiyotazamiwa. Mwenye shilingi milioni 40 na aseme, "Nichoree nyumba ya milioni 36."

La pili, tazama ukubwa kabla ya kutazama urembo. Wengi wetu ramani ikizidi hukimbilia kupunguza rangi, vigae na vitasa. Hayo ni machache. Fedha nyingi zimo katika msingi, kuta na paa, na hivyo hufuata ukubwa wa nyumba. Nyumba yangu ilikuwa mita 14 kwa 11, yaani mita za mraba 154. Tuliuondoa ujia, tukaunganisha sebule na chumba cha kulia, ikawa mita 12 kwa 9, yaani 108. Karibu mafungu 3 katika 10 yaliondoka, na hapana mtoto aliyekosa pa kulala. Lakini msidhani gharama hushuka sawasawa na ukubwa. Jiko na choo hubaki vilevile, navyo ndivyo vyenye mabomba, vigae na mafundi wengi.

La tatu, tazama umbo. Nyumba ya mita 10 kwa 10 ina mita za mraba 100, na ukuta wake wa nje ni mita 40. Nyumba ya mita 20 kwa 5 nayo ina mita za mraba 100, lakini ukuta wake ni mita 50. Nafasi ni ile ile, na mita 10 za msingi, matofali na lipu umezilipa bure. Kila kona unayoiongeza kwa kupendeza macho hukata paa pia, na pale paa mbili zinapokutana ndipo mvua ya masika inapotafuta njia ya kuingia.

La nne, tazama upana wa vyumba. Wazee waliojenga nyumba za mawe walivifanya vyumba vyao virefu na vyembamba, kiasi cha mita 2.5 hadi 3, kwa sababu boriti za mikoko hazikufika zaidi ya hapo. Siku hizi tuna zege na nondo, nasi twadhani hapana mpaka. Mpaka upo, nao ni mfuko. Mhimili ukirefushwa mara 2, nguvu ya kuupinda kwa mzigo ule ule wa kila mita huwa mara 4. Sebule pana isiyo na nguzo hula nondo nyingi kuliko vyumba viwili vya kadiri.

La tano, weka maji pamoja. Choo na jiko vikipeana mgongo kwenye ukuta mmoja, mabomba huwa mafupi na ufa wa bomba huonekana upesi.

Sasa yako mambo ambayo haifai kuyapunguza hata kama fundi atakushawishi. Usipunguze kina cha msingi wala saruji katika zege. Usichukue mchanga wa pwani kwa kuwa ni rahisi. Chumvi yake huzilisha nondo kutu, na baada ya miaka zege hupasuka na kuanguka vipande. Usiezeke kwa mbao zisizotiwa dawa ya mchwa. Vigae vya sakafu vyaweza kungoja msimu mwingine, msingi haungoji.

Katika kupunguza, mchora ramani alitaka pia kuliondoa ghala na kuacha roshani. Mke wangu, aliyekuwa akisikiliza, akasema, "Roshani haitatuhifadhia karafuu." Alisema kweli. Karafuu iliyokwisha kukauka ikipata unyevu huota ukungu, na bei yake huanguka. Tukaiondoa roshani, tukabakiza ghala, na mbele tukaweka baraza la kukaa wageni. Kila mmoja na ajiulize hivyo: kitu hiki chanifanyia kazi gani siku ya mavuno, na siku ya mvua?

Ikiwa hata baada ya hayo fedha hazitoshi, mwombe mchora ramani aigawe nyumba kwa mafungu: vyumba 2, jiko na choo kwanza, chini ya paa lililokamilika, na vingine viongezwe ubavuni baadaye. Lakini ukikusudia ghorofa siku za mbele, sema sasa, maana msingi wa kuibeba hutiwa mwanzo. Na ramani ikibadilishwa, irudishwe kwenye ofisi inayotoa kibali kabla ya kuchimba. Mwulize pia mchora ramani mapema kama marekebisho yamo katika ujira wake. Kufuta ukuta kwenye karatasi ni kazi ya jioni moja. Kuuvunja uliokwisha kujengwa ni hasara mara mbili.

Ndugu mmoja alinishauri niache ramani kama ilivyo, nichukue fedha za mbele juu ya karafuu za misimu inayokuja. Nilikataa. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Baada ya msimu mkubwa mara nyingi huja mdogo, lakini deni huja vilevile. Wazee wetu waliyaonja hayo. Madeni yaliwafunga wenye mashamba wengi wa Unguja na Pemba, hata mwaka 1934 Serikali ya siku zile ikapitisha sheria ya kuzuia ardhi isihamie kwa wadai. Haifai sisi tuyarudie kwa ajili ya roshani.

Wahenga walisema, ajikunapo mtu ndipo ajipatapo. Nyumba yangu ni ndogo kuliko ile ya karatasi ya kwanza. Lakini ina paa, ghala lake ni kavu, na mikarafuu bado ni yangu.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wenu