Unataka kupunguziwa tumbo? Daktari ataanza na sigara yako

UKIINGIA kwa daktari wa upasuaji ukiwa na kilo zako 103, unatarajia akuulize kuhusu chapati, soda na mazoezi. Hayo atauliza. Lakini kuna swali jingine huja mapema: unavuta sigara? Ukijibu ndio, tarehe ya upasuaji haiandikwi siku hiyo. Unarudishwa nyumbani, iwe ni Kitale, Webuye ama Bungoma mjini, ukaache kwanza. Wiki sita bila nikotini ndiyo kawaida, na kuna madaktari wanaotaka muda mrefu zaidi.

Mtaani hiyo huchukuliwa kama adhabu. Kwani anapasua tumbo ama mapafu? Na mbona mtu ambaye tayari ameamua kubadilisha maisha aongezewe mtihani mwingine?

Swali ni halali, na jibu lake liko kwenye kile kinachofanyika ndani ya thieta. Usichanganye upasuaji huu na ile ya kufyonza mafuta kiunoni inayotangazwa TikTok. Hapa tunaongea kuhusu mfuko wa chakula wenyewe. Aina moja inayofanywa sana huondoa takriban robo tatu ya mfuko huo au zaidi, kisha kinachobaki, chembamba kama ndizi, kinafungwa kwa mstari wa pini ndogo ndogo. Aina nyingine, baipasi, hutengeneza kimfuko kidogo na kukiunganisha na utumbo mbele kidogo, chakula kisipitie njia ya zamani.

Sasa huo mstari wa pini, ama hiyo maungio, lazima ipone. Kupona kunataka damu yenye oksijeni. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu. Moshi nao huleta kaboni monoksaidi, ambayo hukalia viti vya oksijeni kwenye damu kama abiria wa matatu asiyelipa nauli na hataki kushuka. Kidonda kikikosa damu ya kutosha kinaweza kuachia, uchafu wa tumbo ukavuja ndani, na hapo unarudishwa thieta na maambukizi ambayo yanaweza kukuua. Kwa waliofanyiwa baipasi, sigara ni mojawapo ya sababu kubwa za vidonda pale kwenye maungio, vile ambavyo sisi huviita ulsa, na vingine hutoboka.

Halafu kuna mapafu yenyewe. Mtu mnene akilazwa chali chini ya nusu kaputi tayari anapumua kwa shida. Ongeza makohozi ya mvutaji, unapata nimonia siku ya tatu.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba wanaoacha takriban wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji wowote hupata matatizo machache, na kwamba kila wiki ya ziada bila tumbaku baada ya hizo nne huboresha matokeo kwa asilimia 19. Kwa hivyo wiki sita si namba ya kukutesa.

Ila sasa kuna mtego ambao wengi hawaelezwi mapema, na kwangu mimi ndio kiini cha hii maneno yote.

Kwa vijana wengi wanene, sigara ndiyo imekuwa dayati yao. Asubuhi chai ya rangi na fegi, saa sita fegi, chakula cha kwanza saa nane. Nikotini huzima njaa na kuchangamsha mwili utumie nguvu zaidi kidogo. Ukiiondoa, ladha inarudi, njaa inarudi, mikono inakosa kazi. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha anayeacha bila msaada huongeza wastani wa kilo nne hadi tano katika mwaka wa kwanza. Si wote. Kuna wanaopungua, na kuna wanaoongeza zaidi ya kumi.

Hebu fikiria, umeambiwa umezidisha uzani, umeambiwa uache kitu ambacho kilikuwa kinashikilia uzani huo, na kila kliniki unapandishwa kwenye mizani. Ukiona namba inapanda wiki ya pili, ni rahisi sana kujiambia afadhali nirudie fegi nipungue. Hapo ndipo mtu huangukia.

Piga hesabu lakini. Mtu wa urefu wa mita 1.60 mwenye kilo 103 yuko juu kidogo ya BMI 40, kiwango ambacho kwa miaka mingi kilitumika kuamua nani anafaa kupasuliwa. Upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula kwa kawaida hutoa karibu robo ya uzani ndani ya mwaka mmoja au miwili, yaani kwake karibu kilo 25. Kilo tano za kuacha sigara ni nyingi, sikatai, lakini hazilingani na 25, wala hazilingani na tumbo linalovuja. Mwambie daktari tangu siku ya kwanza kwamba unaogopa kunenepa. Ni jambo la kupangiwa, si la kuona aibu.

Aibu nayo ina hadithi yake huku kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya, KDHS, wa 2022 ulipata asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 nchini wakiwa na uzani uliozidi au unene wa kupindukia, dhidi ya asilimia 19 ya wanaume wa umri huo. Na duniani kote, wanaofanyiwa upasuaji huu wengi ni wanawake. Sasa angalia upande wa sigara: utafiti wa tumbaku wa 2014 ulipata wanaume wavutaji asilimia 15.1, wanawake asilimia 0.8 tu. Mimi nasoma hiyo 0.8 kwa tahadhari. Msichana anayevuta Kitale havutii barabarani. Anavutia nyuma ya klabu, ama chooni na chingamu mkononi.

Huyo ndiye anayefika kliniki ameandamana na mama ama shangazi, maana upasuaji ni mamia ya maelfu ya shilingi na kuna grupu ya WhatsApp ya mchango. Daktari anauliza, unavuta? Shangazi ameketi hapo. Anasema la. Kisha kipimo kinasema ndio, tarehe inasogezwa, na grupu nzima inataka kujua kwa nini.

Dawa ya hiyo ni rahisi: omba kuongea na daktari peke yako. Ni haki yako, na siri ya mgonjwa si ya kumwagwa mbele ya mweka hazina wa mchango.

Kipimo chenyewe hutafuta kotinini, kitu ambacho mwili hutengeneza unaposaga nikotini. Hukaa siku kadhaa kwenye damu na mkojo baada ya fegi ya mwisho, wakati mwingine wiki na zaidi kwa mvutaji mzito. Kwa hivyo ndio, mjanja anaweza kuacha siku kumi pekee na apite. Lakini hajamdanganya mtu yeyote atakayelala kwenye kile kitanda isipokuwa yeye mwenyewe.

Na kotinini haijui tofauti ya sigara na ujanja mwingine. Shisha, ambayo ilipigwa marufuku Kenya Desemba 2017 lakini bado ina milango ya nyuma, ina nikotini. Vepu nyingi zina nikotini. Vile vifuko vya kuweka ndani ya mdomo, vilivyoingia nchini 2019 kwa jina Lyft na baadaye vikarudi kama Velo, ni nikotini tupu. Hata tumbaku ya kunusa ya nyanya. Ule utafiti wa 2014 ulipata asilimia 3.8 ya wanawake wakitumia tumbaku isiyo na moshi, kumaanisha ni wengi kuliko wanaovuta. Mama wa Bungoma akiulizwa kama anavuta atasema hapana bila kudanganya, na kile kikopo kiko ndani ya leso. Daktari anayeuliza tu kuhusu sigara ameuliza nusu ya swali.

Kuacha huku kwetu kuna vikwazo ambavyo havipo kwenye vijitabu vya Ulaya. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara mojamoja, na pakiti haifai kuwa na chini ya sigara kumi. Enda steji ya Kanduyi ama ile ya Kitale uone kama kuna aliyesikia. Pakiti iko wazi, kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba, unatoa sarafu unawasha hapo hapo. Mtu anayejaribu kuacha hahitaji kuamua kununua pakiti nzima, anahitaji tu kuwa na chenji mfukoni. Ndiyo sababu ushauri wa kwanza ambao mimi ningetoa hauhusu nia. Badilisha kibanda unachonunulia kredo na maziwa.

Na tusisahau Bungoma yenyewe imelima tumbaku kwa miongo, hasa upande wa Malakisi. Mwaka 2022 serikali pamoja na WHO na mashirika ya chakula ya Umoja wa Mataifa walizindua, wakianzia Migori, mpango wa kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku wapande maharagwe yenye madini ya chuma. Vizuri sana. Mkulima anapewa mbegu na soko. Mvutaji anaambiwa, acha tu.

Ukiacha, siku mbili tatu za kwanza ndizo mbaya: hasira, usingizi kuruka, kichwa kizito. Baada ya wiki mbili hadi nne mambo hutulia. Ile hamu yenyewe ikija hudumu dakika chache, tano hivi, hata kama inajifanya haitaisha. Tembea, kunywa maji, piga simu. Usichofaa kufanya ni kuijibu kwa kile kilicho karibu, na huku kilicho karibu ni miwa, njugu karanga na mahindi choma. Miwa hasa ni adui mwenye sura ya rafiki. Inapa mdomo kazi, sawa, lakini ni sukari mfululizo. Karoti ama tango linakatika vizuri tu.

Panga pia kwamba hospitali nyingi zitakuweka kwenye chakula maalum wiki mbili hivi kabla ya upasuaji, wanga kidogo sana, ili ini linywee na daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Kumaanisha ugali unaondoka pia. Ukingoja hadi wakati huo ndio uache sigara, utakuwa unapigana vita viwili kwa siku moja. Anza na sigara mapema, ugali ufuate.

Dawa zipo. Plasta na chingamu za nikotini ziko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2009, na vidonge vya bupropion na varenicline viliongezwa 2021. Lakini hapa madaktari hawako sauti moja, kwa sababu plasta pia ni nikotini na kipimo kitaiona. Kuna wanaokubali uitumie mwanzoni kisha uiache wiki kadhaa kabla ya thieta. Uliza yule atakayekupasua, si muuza duka la dawa. Ukikosa wa kuongea naye, NACADA wana laini ya bure, 1192.

Baada ya upasuaji sigara haigeuki kuwa halali. Vidonda vya baipasi vinaweza kuja hata miaka baadaye kwa anayerudia, na Brufen na dawa za aina hiyo huvichochea pia, kwa hivyo waambie wanaokuuzia dawa ya mgongo kwamba tumbo lako lilipasuliwa. Pombe nayo hupanda haraka sana kwenye tumbo jipya, hasa baada ya baipasi. Glasi iliyokuwa mwanzo wa jioni inaweza kukulaza, na kuna watu ambao hubadilisha ulevi wa chakula na sigara kuwa wa chupa bila kutambua. Ukialikwa kwenye busaa Agosti wakati wa sherehe za tohara, kaa na soda isiyo na gesi wala sukari, yaani maji.

Jambo la mwisho ni la nauli. Upasuaji huu mara nyingi hukupeleka Nairobi, takriban kilomita 380 kutoka Kitale. Uliza kama kipimo cha kotinini kinaweza kufanywa maabara ya karibu wiki moja kabla ya safari, majibu yatumwe mbele. Kama bado kipo, afadhali ujue ukiwa nyumbani kabla hujakata tiketi ya basi la usiku.