Mguu Mmoja Ukivimba Baada ya Safari, Usiuchue

Abiria aliyetoka Dar es Salaam akishuka stendi ya Nyegezi, Mwanza, viatu mara nyingi humbana. Amekaa kitini tangu alfajiri alipopanda Stendi ya Magufuli kule Mbezi, kapita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,100. Miguu yote miwili imejaa. Kwa watu wengi hilo si la kutisha: akilala na kuiinua juu ya mto, asubuhi imenywea. Ninaouhofia mimi ni mguu mmoja. Umevimba peke yake, mwenzake mzima, au shavu la mguu linauma kama msuli uliokaza, na pengine maumivu hayo yanaanza siku kadhaa, hata wiki mbili tatu, baada ya mtu kufika alikokwenda.

Nyumbani kwetu dawa ya mguu wa namna hiyo inajulikana: maji ya moto, mafuta ya karafuu, na bibi mwenye mkono mwepesi wa kuchua. Nimepokea wagonjwa ambao mguu bado unanukia karafuu. Waliowachua walifanya hivyo kwa mapenzi. Lakini kama ndani ya mguu kuna donge la damu, kuuchua kunaweza kulimegua, na kipande kikimeguka hupanda na damu hadi upande wa kulia wa moyo, kisha kikaziba mishipa ya mapafu. Kikiwa kikubwa, mtu anaweza kufa katika dakika chache.

Donge hilo linatoka wapi? Moyo huisukuma damu hadi unyayoni, lakini kuipandisha tena unahitaji msaada, na msaidizi mkubwa ni msuli wa shavu la mguu. Kila unapokanyaga, msuli unajikaza na kuzikamua vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, na vali ndogo zilizomo ndani huizuia damu isishuke tena. Ukikaa saa nyingi bila kuchezesha mguu, pampu hiyo imesimama. Damu inatuama nyuma ya vali, na hapo ndipo inapoanza kuganda.

Wengi hudhani huu ni ugonjwa wa wapanda ndege. Mwaka 1940, London ilipokuwa ikipigwa mabomu, watu walilala wamekaa kwenye viti ndani ya mahandaki, na madaktari wakaona vifo vya ghafla vya donge la mapafu vikiongezeka. Hakuna aliyekuwa amesafiri. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya zaidi ya saa nne, iwe ya ndege, basi, treni au gari dogo, huongeza hatari karibu mara mbili. Kwa mtu mzima wa afya hatari yenyewe bado ni ndogo, kama mmoja kati ya 6,000.

Ila si kila aliyeko ndani ya basi ni mzima wa afya. Yupo mjamzito. Yupo aliyejifungua wiki tatu zilizopita na sasa anapelekwa kwao kulelewa uzazi. Yupo aliyetoka kupasuliwa hospitali ya rufaa, aliyefungwa hogo mguuni, mwenye saratani, mwenye selimundu, mwenye uzito mkubwa, anayemeza vidonge vya majira, na aliyewahi kupata donge huko nyuma. Hawa wazungumze na daktari kabla ya kukata tiketi. Wengine watahitaji soksi maalumu za kubana, zilizopimwa kwa mguu wao, na wachache sindano ya kuzuia damu isigande. Aspirini ya kujinunulia dukani kwa ajili ya safari haishauriwi.

Mabasi yetu yana mitego yake. Watu hukwepa maji ili wasihangaike na kuchimba dawa njiani. Wengine humeza dawa ya kuzuia kutapika, wakalala fofofo kutoka Morogoro hadi Singida, shingo imepinda, mguu umekunjwa. Kuna na lile begi linalosukumwa chini ya kiti hadi miguu ikakosa pa kunyooka. Begi liende kwenye buti. Maji kunywa, na basi likisimama, shuka hata kama huna haja, utembee. Ukiwa kitini, inua visigino vidole vikiwa sakafuni, kisha inua vidole visigino vikiwa sakafuni, mara ishirini, na urudie kila nusu saa hivi. Shavu la mguu lazima ulisikie likikaza.

Ukishafika, na mguu mmoja ukakutia shaka, chukua futi ya fundi cherehani. Tafuta kile kifupa kinachojitokeza chini ya goti, shuka sentimita 10, zungusha futi hapo, kisha pima mguu wa pili mahali palepale. Tofauti ikizidi sentimita 3, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ikiwa ndogo lakini mguu unauma, nenda pia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa mkono uone kama una joto kuliko mwenzake, na utazame kama ngozi imevutika na kung'aa. Kukata pumzi ghafla, kichomi unapovuta hewa, kukohoa damu au kuzimia ni dharura, hata kama mguu hauna alama yoyote.

Hospitali watapima mguu kwa utrasaundi. Donge likionekana, dawa za kuzuia damu isigande hutumika kwa miezi isiyopungua mitatu. Haziliyeyushi; zinalizuia lisikue wakati mwili wenyewe unalimaliza polepole, ndiyo maana anayeziacha mwezi wa kwanza kwa kuwa uvimbe umepungua hujirudisha hatarini. Na mbele ya daktari, usiseme tu mguu unauma. Mwambie ulisafiri, lini, na ulikaa saa ngapi, kwa sababu wiki tatu baada ya basi kukushusha, hakuna atakayelibuni hilo kwa kukutazama.