Juma moja bila kuuliza «Leo tutakula nini?»

Kila mwaka mwezi wa 7 na wa 8 wengi wetu tunapata picha zilezile kwenye simu. Dada ao binti anayeishi Ubelgiji amekaa chini ya mwavuli kando ya bahari, watoto wako ndani ya maji, na mkononi amevaa bangili ya plastiki. Wengine wetu tunafurahi naye. Wengine tunapiga hesabu: «Ile feza angetutumia sisi!» Juma hili tunaeleza safari hiyo ni kitu gani, inafanya kazi namna gani, na sisi tuliobaki huku tunaweza kuchukua nini ndani yake. Tumechagua kisiwa cha Rhodes, maana kina habari na Katanga yetu.

Kisiwa chenyewe

Rhodes ni kisiwa cha Ugiriki, karibu na pwani ya Uturuki. Ndicho kikubwa kupita vyote kati ya visiwa vinavyoitwa Dodecanese. Kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 mvua ni kidogo sana. Hoteli nyingi za pwani zinafunguliwa mwezi wa 4 ao wa 5, kisha zinafungwa karibu na mwisho wa mwezi wa 10.

Mama mwenye watoto wadogo aulize kwanza hoteli iko upande gani. Upande wa mashariki, kama Faliraki na Tsambika, kuna mchanga laini na bahari tulivu. Upande wa pili, kama Ixia, kuna mawe madogo na upepo mkali wa kiangazi unaoitwa meltemi. Vijana wanaoteleza juu ya maji kwa tanga wanaupenda, lakini mtoto wa miaka mitatu hataupenda.

Bei moja kwa yote

Namna hii ya safari, wenye kusema Kifaransa wanaiita «tout compris». Unalipa mara moja mbele ya kuondoka: ndege, chumba, chakula asubuhi, mchana na jioni, pamoja na vinywaji. Mara nyingi na gari la kukutoa uwanja wa ndege limo. Ile bangili ya mkononi ndiyo alama kwamba umekwisha kulipa. Mtoto akitaka juisi mara nne, mama hafungui mkoba.

Mmoja wa walioanzisha mambo haya ni Mbelgiji, Gérard Blitz. Mwaka wa 1950 alifungua kambi ya mahema kwenye kisiwa cha Majorca, Uhispania, na kuiita Club Méditerranée. Watu walilipa bei moja kwa kulala, kula na kucheza. Vinywaji vya baa vilikuwa mbali, na kwa miaka mingi wageni walivilipa kwa shanga walizovaa shingoni.

Hata leo «yote» si yote. Ugiriki ina kodi ya hali ya hewa, inayolipwa hotelini kwa kila chumba na kila usiku. Kadiri hoteli ina nyota nyingi, ndivyo kodi inavyopanda. Safari za mashua na vinywaji fulani vya bei kali vinaweza kulipiwa mbali. Tunawashauri ndugu zetu wasome karatasi mpaka mwisho kabla ya kutia sahihi.

Kinachouzwa hasa

Wengi tunafikiri kinachouzwa ni bahari. Tuangalie vizuri. Mama akipanga nyumba ndogo kando ya bahari ileile, kesho yake asubuhi anatafuta soko, anapika, anaosha sahani. Amehamisha jiko lake tu. Hapa kinachouzwa ni kupumzika na lile ulizo la kila siku: «Leo tutakula nini?» Mara 3 kwa siku, kwa siku 7, ni mara 21 ambazo mama hatayarishi chakula.

Lakini kazi ile haikupotea. Iko mikononi mwa mtu mwingine, na mara nyingi ni mwanamke. Yuko anayetandika vitanda, anayeosha sahani, anayefagia mchanga ambao watoto wameingiza chumbani. Wanafanya kazi siku nyingi za joto mfululizo, na hoteli ikifungwa wengi wao wanabaki bila kazi mpaka mwaka unaofuata. Kwa hiyo anayekwenda kule asalimie, asijaze sahani chakula asichoweza kumaliza, na amwachie anayesafisha chumba kitu kidogo. Sisi tunaofua na kupika tunajua uzito wa kazi hiyo.

Kutoka nje ya mlango

Neno lingine: anayekula na kunywa hotelini siku zote hamwachii kitu mwenye mkahawa wa kijiji. Ni vizuri basi kutoka hata siku moja, kwenda Mji wa Kale wa Rhodes. Kuta zake kubwa zilijengwa na wanajeshi wa kidini waliotawala kisiwa toka 1309 mpaka 1522, na tangu 1988 mji huo uko kati ya urizi wa dunia wa UNESCO.

Ndani ya mji huo mna mtaa ambamo Wayahudi waliishi miaka mamia. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wengi wa mtaa huo walihama kutafuta maisha, na familia nyingi zilifika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, zikafungua maduka. Baba ya Moïse Katumbi alikuwa mmoja wa watu wa Rhodes. Mwezi wa 7 mwaka wa 1944 Wajeremani walikamata Wayahudi zaidi ya 1,600 waliobaki kisiwani na kuwapeleka Auschwitz. Waliorudi hai ni wachache sana. Waliokuwa wamehamia Kongo waliokoka. Leo uwanja mmoja wa mtaa ule una jiwe la kuwakumbuka. Mkatanga akipita pale, asimame kidogo.

Siku ambayo bangili haikusaidia

Mwezi wa 7 mwaka wa 2023 moto wa msitu ulishuka mpaka pwani ya kusini-mashariki ya Rhodes. Watu karibu 19,000, wengi wao wageni, waliondolewa kwa mabasi, kwa mashua na wengine kwa miguu, watoto mikononi. Walilala chini ndani ya masomo na viwanja vya michezo vyenye paa, na wenyeji waliwaletea maji, chakula na blanketi. Anayeweza kuchagua, aende mwezi wa 6 ao wa 9: joto linapungua, na mara nyingi bei pia. Na popote anapolala na watoto, aulize siku ya kwanza mlango wa kutokea uko wapi.

Na sisi huku?

Tuseme ukweli: kutoka Kongo, viza ya Schengen na ndege peke yake vinapita uwezo wa wengi wetu. Hatumwambii mama yeyote akope feza kwa kutafuta bahari.

Lakini mambo matatu ya safari ile hayahitaji bahari. Siku imewekwa mapema, haingojei «nikipata nafasi». Feza imelipwa mbele, kidogo kidogo. Na mtu mwingine anajulikana ambaye atapika siku hiyo. Likelemba ya feza tunaijua sote. Tufanye sasa likelemba ya siku. Wamama watano wa kartie moja wakiungana, kila juma mmoja wao anapumzika siku nzima: wengine wanne wanasongea watoto wake bukari, wanachota maji, wanawapeleka masomo. Juma linalofuata ni zamu ya mwingine. Baba wa nyumba naye aelezwe mapema, asishangae kuona jiko limezimwa.

Kati yetu kuna wamama ambao toka siku ya ndoa hawajapata siku moja ya namna hiyo, na hospitali ndiyo mahali pekee walipolala mchana. Tuanze na hao. Kila kikundi kilete kwenye mkutano ujao majina matano na siku tano.