Makabaila wa Ayalandi na Makaratasi Yao

Mjini Dublin, mwisho wa mtaa wa Henrietta, limesimama jengo la mawe la afisi ya kuandikisha hati, ambalo ndani yake mna majuzuu mazito yaliyojaa nakala za hati za ardhi zilizoandikishwa tangu mwaka 1708. Mwenye kuyafungua ataona humo mauzo, rehani, mikataba ya ijara na mikataba ya ndoa ya koo zilizoimiliki nchi ile kwa karne nyingi. Na ingawa kila ukurasa uliandikwa ili kumlinda mwenye mali, msomaji wa zama zetu mara nyingi huufunua kwa kumtafuta yule asiyekuwa na mali, yaani mkulima mpangaji ambaye jina lake limebakia kwa sababu tu bwana wa ardhi alikuwa na haja nalo.

Asili ya afisi hiyo ni hofu. Katika karne ya 17 sehemu kubwa ya ardhi ya Ayalandi ilitoka mikononi mwa wenyewe, ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki, ikawaangukia Waprotestanti wenye asili ya Uingereza na Skotilandi. Baada ya Cromwell, jemadari wa Kiingereza, kuivamia nchi mwaka 1649, askari wake wengi walilipwa mashamba badala ya mishahara, na ili mashamba hayo yagawiwe kwa hesabu, tabibu aitwaye William Petty alipewa kazi ya kuzipima na kuzichora ramani ardhi zilizonyang'anywa. Mali iliyopatikana namna hiyo haimpi mwenyewe usingizi. Sheria ya mwaka 1704 ikamkataza Mkatoliki kununua ardhi au kupanga shamba kwa zaidi ya miaka 31, na ikaamuru kuwa akifa, ardhi yake igawanywe kwa wanawe wote, isipokuwa mkubwa wao akiingia dini ya dola, hapo achukue yote peke yake. Ndipo Bunge la Dublin lilipoianzisha afisi ya kuandikisha hati, ili kuzuia hati za uongo na mauzo ya siri, na kuwatuliza nyoyo wanunuzi wa Kiprotestanti.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Hati yenyewe haikuachwa afisini. Ulipelekwa muhtasari wake, wenye saini na muhuri wa mmoja wa waliopatana, na shahidi mmoja miongoni mwa walioishuhudia hati ya asili akala yamini kuwa ni sahihi. Karani akaandika siku, mwezi, mwaka na hata saa ya kuupokea, kwani ingawa hapakuwa na lazima ya kuandikisha, aliyetangulia kuandikisha ndiye aliyetangulia kwa haki, na mnunuzi aliyechelewa aliweza kumkuta mwenziwe amekwisha kushika shamba lile lile. Kwa mtafiti wa leo kazi si nyepesi kiasi hicho. Fahirisi ni mbili, moja ya majina ya waliotoa ardhi na moja ya mahali. Ya waliopokea haipo kabisa, na katika fahirisi ya majina ya kabla ya miaka ya 1830 haikutajwa hata wilaya, hata anayemtafuta John Kelly mmoja hukuta safu nzima ya akina John Kelly, ikambidi awachungue mmoja mmoja.

Hata hivyo taabu hiyo ni neema, kwa kuwa kumbukumbu nyingine nyingi hazipo tena. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya nyaraka za taifa iliyokuwa katika eneo la mahakama za Four Courts iliripuka ikaungua, na pamoja nayo wasia, kumbukumbu za mahakama za karne nyingi, vitabu vingi vya makanisa, na takriban hesabu zote za watu za miaka ya 1821 hadi 1851. Afisi ya hati, kwa kuwa ilikuwa mtaa mwingine, ilisalimika. Na ikawa chombo kilichoundwa ili kuwabana Wakatoliki ndicho kilichowawekea wajukuu zao sehemu ya nasaba yao.

Nje ya afisi hiyo kila ukoo mkubwa ulikuwa na masanduku yake ya hati, zilizoandikwa juu ya ngozi ya kondoo na kutiwa muhuri wa lakiri nyekundu. Ya ajabu kupita zote ni mikataba ya ijara ya maisha matatu. Mpangaji alipewa shamba mpaka wafe watu watatu waliotajwa katika hati, na si kwa idadi ya miaka, jambo ambalo Wakatoliki walikuwa wamenyimwa mpaka karibu na mwisho wa karne ya 18. Mwenye busara alitaja watoto wenye afya, pengine mwanawe mwenyewe. Wengine walitaja wana wa mfalme wa Uingereza, kwani kifo cha mwana wa mfalme hakifichiki. Kwa hivyo hati moja yaweza kutupa jina la mtoto, umri wake na jina la babake, na katika makaratasi ya baadaye wakili wa shamba akaongeza nani amekufa, na nani amekwenda Marekani wala haijulikani kama yu hai. Zaidi ya kodi, mpangaji aliweza kufungwa na masharti ya kuleta kuku, kufanya kazi siku kadhaa katika shamba la bwana, na kusaga nafaka yake katika kinu cha bwana. Tena mwenye ijara ya namna hiyo, faida yake ikifika shilingi 40 kwa mwaka, alikuwa na haki ya kupiga kura, basi makabaila wakaizidisha mikataba hiyo ili wazidishe kura zao, mpaka sheria ya mwaka 1829 ilipoifuta haki hiyo.

Lakini hati zilizowalemea makabaila wenyewe zilikuwa za ndoa. Kabla ya harusi, wazee wa pande mbili walikaa na wanasheria wakaandika mali atakayokuja nayo bibi arusi, posho yake ya kila mwaka akifiwa na mumewe, na fungu la kila mtoto asiyerithi shamba. Na yote hayo yakatwikwa juu ya ardhi, ambayo yenyewe ilifungwa isiuzwe, mfano wa wakfu uliowekewa jamaa, ipate kushuka kwa mwana mkubwa kizazi baada ya kizazi. Haikuchukua muda shamba moja likawa linalisha wajane, linawapa mahari mabinti, na linalipa riba ya rehani juu ya rehani.

Fedha za kubeba mizigo hiyo zilitoka katika daftari la kodi. Kodi ililipwa mara mbili kwa mwaka, na katika mashamba mengi mpangaji aliachiwa kodi ya nusu mwaka ya mwanzo bila ya kuilipa. Haikuwa huruma tupu: deni hilo lilimfuata maisha yake, na wakili akitaka kumtoa shambani alikuwa nalo tayari mkononi. Huko Strokestown, katika wilaya ya Roscommon, makaratasi ya ukoo wa Mahon yalikutwa ndani ya nyumba baada ya kuuzwa mwaka 1979, na leo ndiyo msingi wa makumbusho ya njaa kuu. Humo mna ombi la wakulima wa Cloonahee la mwaka 1846, wakati ugonjwa ulipokwisha kuangamiza viazi, wakiomba kazi ili wapate chakula. Mna pia hesabu za wakili zilizoonyesha kuwa kuwasafirisha wapangaji hadi Kanada ni rahisi kuliko kuwalisha. Mwaka 1847 watu 1,490 walitolewa, wakaenda kwa miguu hadi Dublin, wakavushwa Liverpool na kupakiwa merikebu za Quebec, na mamia wakafa kwa homa. Novemba ya mwaka huo Meja Denis Mahon, mwenye shamba, alipigwa risasi akafa. Ombi na hesabu zilihifadhiwa katika nyumba moja kwa sababu moja: zote mbili zilihusu fedha za bwana.

Njaa iliwafilisi makabaila wengi. Mwaka 1849 iliundwa mahakama maalumu ya kuuza mashamba yenye madeni, na orodha zake za mauzo, zilizochapishwa pamoja na ramani, zikataja wapangaji na ijara zao. Mwaka 1879 Michael Davitt na wenziwe wakaanzisha Jumuiya ya Ardhi ya kuwatetea wapangaji, ambayo Charles Stewart Parnell alikuwa rais wake. Na sheria ya mwaka 1903 ikawawezesha wapangaji kukopa serikalini bei ya mashamba waliyokuwa wakiyalima, wairejeshe kwa miaka zaidi ya 68. Kila kabaila aliyeuza alipaswa kuthibitisha milki yake kwa mlolongo wa hati za kale, nazo nyingi zikabakia katika Tume ya Ardhi iliyosimamia mauzo hayo. Uzito wa mlolongo huo ndio uliomsumbua mzaliwa wa Cork, Robert Torrens, aliyeanzisha huko Australia Kusini, mwaka 1858, utaratibu wa kusajili milki yenyewe mahali pa hati nyingi. Utaratibu huo ndio uliofuatwa katika sheria ya Kenya ya mwaka 1919.

Leo makaratasi ya koo hizo yako kwa wingi katika Maktaba ya Taifa mjini Dublin na katika nyumba ya nyaraka ya Belfast, na wajukuu wa wahamiaji hufika kutoka mbali kuyasoma. Yafaa wafahamu kuwa daftari la kodi lilimwandika aliyedaiwa na bwana peke yake. Kibarua aliyepewa na mpangaji kipande cha kupanda viazi, akakilipia kwa jasho lake, hakuwa na mkataba wala safu ya jina, naye ni katika kundi ambalo njaa ililifyeka kuliko mengine. Kwa ajili hiyo mtafiti mwangalifu huyaweka makaratasi ya kabaila kando ya uthamini wa serikali wa miaka ya 1847 hadi 1864, uliotaja mwenye kukaa katika kila nyumba na yule aliyempangisha. Kwani shahidi mmoja, tena mwenye maslahi yake katika kesi, hatoshi kusimamisha hukumu.