Namba ya Baisikeli Iandikwe Daftarini

Kwa jamaa ya Kalehe, kando ya ziwa Kivu, baisikeli si mali ya mtu mmoja. Yabeba mihogo na ndizi kwenda sokoni, nayo yasaidia kupata karo ya watoto. Ikiibwa, nyumba nzima yaumia.

Wakati wa Wabelgiji, kabla ya uhuru wa 1960, baisikeli zilitozwa kodi, na iliyolipiwa ilifungwa kibao cha chuma chenye namba. Lakini kibao huondolewa upesi. Namba ya kiwanda ni ngumu kuiondoa, maana imepigwa katika chuma chenyewe. Mara nyingi iko chini, penye mhimili wa pedali. Ipindueni baisikeli, futeni matope, mwitafute.

Twawasihi, wasomaji wapenzi, iandikeni namba hiyo, pamoja na rangi na alama za baisikeli, mkaitunze nyumbani na risiti. Ikiibwa, wapelekeeni polisi siku ile ile. Asiye na namba atasema nini? Kwamba ilikuwa nyeusi? Nyeusi ni nyingi! Huko Japani, tangu 1994, sheria yamtaka kila mwenye baisikeli aiandikishe.

Nasi wanunuzi tuna wajibu wetu. Tukiuziwa baisikeli kwa bei ya chini mno, tuulize risiti, tuitazame namba. Ikiwa imekwanguliwa, tuiache. Anunuaye mali ya wizi kwa kujua, ameshiriki wizi.

Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.