Watoto wa Tumbo Moja

Neno la leo ni HULKA. Bwana Mwalimu, tafadhali liandike ubaoni, herufi kubwa. Someni pamoja: hu-l-ka. Hulka ni tabia ambayo mtu huzaliwa nayo.

Mama mmoja ana watoto wawili. Wamenyonya ziwa moja, wamekula ugali wa sufuria moja. Mgeni akibisha hodi, wa kwanza hukimbia kumpokea mzigo. Wa pili hujificha nyuma ya kanga ya mama yake, na shikamoo haitoki. Kwa nini?

Wengi hujibu upesi: mama amemdekeza. Wengine husema mtoto hana adabu, na fimbo hutafutwa. Hata madaktari wengi wa Ulaya na Marekani zamani walikuwa wakimlaumu mama.

Mwaka 1956, katika mji wa New York, madaktari wawili, Alexander Thomas na mkewe Stella Chess, walianza kulichunguza jambo hili. Hawakuanza na watu wazima, maana mtu mzima amekwisha pitia mengi. Walianza na watoto wachanga, wakawafuata 133 miaka mingi, hata wakawa watu wazima. Waliwauliza wazazi maswali ya nyumbani tu. Mtoto hulala saa zile zile kila siku? Alipoogeshwa mara ya kwanza alifanyaje? Akionjeshwa chakula kigeni je?

Basi waliona hivi. Katika kila watoto 100, kama 40 walikuwa wepesi, wakizoea mambo mapya bila taabu. Kama 10 walikuwa wagumu, wenye kulia sana na kukataa kila kigeni. Na kama 15 walikuwa wazito wa kuzoea. Hao hawakupiga makelele. Walirudi nyuma kimya, wakatazama, na baada ya muda wakasogea wenyewe. Waliobaki walikuwa na mchanganyiko. Tena tofauti hizi zilionekana tangu miezi ya kwanza, kabla mtoto hajajua adabu wala utovu wa adabu.

Msidhani kwamba hulka haibadiliki. Wako waliobadilika kadiri walivyokua. Madaktari hao waliona kwamba jambo kubwa ni malezi kulingana na hulka ya mtoto. Mzito wa kuzoea akisukumwa, huzidi kurudi nyuma. Akipewa muda, huja.

Kwa hiyo mgeni akifika, mwache mtoto ashike kanga yako na kutazama. Najua mgeni akiwa mzee atanung'unika kwamba mtoto huyu hakulelewa. Mjibu kwa upole, "Babu, atakuja, bado anakutazama." Shikamoo ya baada ya nusu saa ni shikamoo vile vile.

Na tusiwafikirie watoto peke yao. Tazameni darasani mwenu. Yuko anayenyosha mkono kabla swali halijaisha, na yuko aliyekaa karibu na ukuta, ambaye hajasoma kwa sauti hata siku moja. Huyo wa ukutani huenda anajua kusoma kuliko jirani yake, lakini akichekwa mara moja tu, kesho hamtamwona tena. Bwana Mwalimu, usimwite ubaoni siku ya kwanza. Mpe asome pamoja na mwenzake mmoja, kwa sauti ndogo. Kisha na wawili. Akizoea, mwite.